Herufi A ya Mashine ya Konsolata

Mwezi uliopita mliniaga kwa keki na soda, mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua saa. Mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya ufundi. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi, na mshahara wangu mnaweza kuukisia kwa kutazama viatu vyangu. Na kama mnataka kujua nilivyojifunza kufungua printa za siku hizi, ulizeni printa zenyewe, zilinisumbua vya kutosha.

Nitawaandikia habari ya herufi moja. Na nitasema wazi kwa nini: siku ile ya kuagana, Diane, fundi wetu mdogo kuliko wote, alitusikilizisha kwenye simu ujumbe wa sauti kwamba mpishi fulani wa hoteli anatia sumu kwenye chakula. Jina la mtu lilitajwa, na mtaa wake. Baadaye ikajulikana ni uongo. Diane akacheka akasema, "Dada Zaina, nimeshaufuta, imekwisha." Nikamuuliza alikuwa ameupeleka kwa watu wangapi. Akahesabu: arobaini na mmoja. Nikakasirika mpaka keki ikanishinda kumeza. Mlidhani nalia kwa sababu ya kuagwa.

Nilianza kazi mwaka wa tisini, nikiwa msichana wa Biryogo, hapa Kigali, mwenye mdomo mrefu na vidole vyembamba. Vidole ndivyo vilivyonipatia kazi. Karakana ilikuwa chini kidogo ya Kiyovu, chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na mwenyewe alikuwa Papa Lukasi, mzee wa Bukavu, aliyetengeneza taipureta za nusu ya ofisi za mjini. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa karatasi nyeupe akaniambia, "Mwana, andika herufi zote. Kubwa, ndogo, namba, alama zote. Mashini haina mudomo, lakini ukiikalisha vizuri itakuambia iko na ugonjwa gani."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya karakana yetu, na sijaiona kwingine. Kila mashine iliyoingia iliandikiwa karatasi moja ya herufi zake zote kabla ya kuguswa, na karatasi nyingine ikishapona. Tulizibana pamoja tukaandika tarehe na jina la ofisi, zikaingia katika sanduku la bati. Tuliziita vyeti vya mashine. Wateja walituona tuna wazimu. Lakini baada ya mwaka mmoja niliweza kuokota barua barabarani nikasema imetoka ofisi gani, maana hakuna taipureta mbili zinazoandika sawa. Kuna ambayo t yake imekatika mguu na g yake ina tumbo lililojaa wino. Nilijivuna sana kwa jicho hilo. Kumbukeni nilivyojivuna, mtanihukumu baadaye.

Mwaka huohuo wa kwanza nilidanganywa kama mtoto. Ililetwa barua isiyo na jina, inasema inatoka kwa mtu mtakatifu wa mbali, na kila anayeisoma aiandike mara saba aigawe, la sivyo msiba utamfika nyumbani. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Nikaiandika mara saba saa ya mapumziko, kwa taipureta ya mteja, nikaigawa. Papa Lukasi akaukuta utepe umechakaa. Hakunifukuza. Alinifundisha maswali yake: barua hii ilitoka mkononi mwa nani? Inataka nifanye nini? Na mbona inanikimbiza?

"Ukweli haina haraka," alisema. "Kinachokuharakisha, kikalishe kwanza, ukipe kiti, ukiangalie."

Kisha akaniambia nivae viatu, niende kwa wale watu saba, mmoja mmoja, niwaambie ni uongo na nimekosea mimi. Nikamwambia nitawaambia wakipita. Akasema, "Uliwapelekea kwa miguu. Rudisha kwa miguu." Nilizunguka mchana kutwa. Wawili walinicheka, mmoja alinifungia mlango. Niliporudi nilikuwa na hasira ya kuweza kupasua taipureta, na Papa Lukasi alikuwa anakunywa chai yake taratibu.

Vita vilikuwa vimeshaanza kaskazini, mpakani na Uganda. Ninyi mliozaliwa baadaye mnadhani kwamba miaka ile watu walidanganywa kwa sababu hawakuwa na akili. Hapana. Walikuwa na akili na walikuwa na hofu, na hofu ikikaa kiti cha mbele akili huketi nyuma. Kila siku ilileta karatasi yake: fulani ni msaidizi wa adui, fulani ana kaka ng'ambo ya mpaka, fulani ameonekana na redio ya mawasiliano. Mtu alikamatwa kwa karatasi kama hiyo, na wengine hawakurudi nyumbani. Na sisi tulikuwa na methali tayari ya kufunikia kila kitu: lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani laja. Mimi methali hiyo naichukia. Mkitaka kunikasirisha isemeni mbele yangu.

Sasa Konsolata. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya kuagiza vifaa vya ujenzi, huko Kiyovu. Mjane mwenye binti mmoja, wakikaa wote kwa mama yake huko Masaka, pembezoni mwa mji. Kila ilipoharibika taipureta yake alikuja nayo mwenyewe, ameifunga kwa kitenge kama mtoto, na akiingoja tulikwenda kunywa chai kwa Mama Saidi, jirani yangu wa Biryogo aliyekuwa na kibanda karibu na karakana yetu. Konsolata alicheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Kaka yake alikuwa Uganda tangu utotoni, jambo ambalo kila mtu alilijua na yeye hakulificha. Na kitambulisho chake, mahali pa kabila, kilikuwa na lile neno ambalo siku zile lilitosha kumfanya mtu atazamwe mara mbili.

Mwaka wa tisini na mbili mashine yake, ile ya t iliyokatika mguu na g yenye tumbo, ililetwa ikiwa na herufi a inayoruka. Lehemu ya kile kipande cha chuma ilikuwa imelegea, a ikapanda juu ya mstari, kila neno likawa linarukaruka kama mbuzi. Alikuwa ameivumilia miezi kadhaa kwa sababu ofisi haikutaka kuiachia. Nikaondoa kipande, nikakisafisha, nikakilehemu upya mwenyewe, a ikakaa sawasawa mstarini. Papa Lukasi akaikagua akasema, "Njo vile." Kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu ya sifa.

Wakati mashine iko kwetu, mama yake Konsolata alifariki. Konsolata akaenda msibani Masaka. Mashine ikarudishwa ofisini Jumatatu bila yeye kuwepo.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo akaja karakana Bwana Viateri, mhasibu wa ile ofisi, mtu wa tai na manukato. Papa Lukasi alikuwa ametoka. Viateri akaweka mezani nakala ya kaboni ya barua fupi. Tarehe yake ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Ilikuwa imeandikwa kwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, inasema majina aliyoyataka yatafuata, na chini kuna jina la Konsolata.

"Imekutwa ndani ya mtoto wa meza yake," alisema. "Sisemi kitu. Nauliza tu, fundi. Wanasema wewe una jicho. Hii ni mashine ya nani?"

Wanasema wewe una jicho! Jamani, hapo ndipo nilipokwisha. Nikaitazama t iliyokatika mguu, nikaitazama g yenye tumbo, sikukaa hata dakika.

"Ya Konsolata," nikasema.

"Una hakika?"

"Hata nikifumba macho."

Akanipa kalamu. Nikaandika mistari miwili kwamba barua hii imepigwa kwa mashine ya Konsolata, nikaweka sahihi, nikaandika chini yake: fundi. Alinishukuru sana. Kisha, kwa mshtuko na kwa kujiona mtu mkubwa, nikaenda kibandani kwa Mama Saidi nikasimulia yote, mbele ya waliokuwa wanakunywa chai. Mama Saidi akapiga paja. "Yoo! Na mimi nilikuwa namwekea tangawizi! Lisemwalo lipo, Zaina."

Papa Lukasi aliporudi nilimweleza. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu.

"Umeangalia cheti?"

Sikuwa nimeangalia. Nililivuta sanduku la bati nikatoa karatasi mbili za mashine ile, ya kuingia na ya kutoka. Ya kuingia, a inaruka. Ya kutoka, a imekaa mstarini. Nikakumbuka barua ya Viateri. Nilikuwa nimeisoma yote, na a zake zilikuwa zimekaa, kila moja. Barua yenye tarehe ya miezi miwili nyuma ilikuwa imeandikwa kwa a ambayo mimi mwenyewe nimeilehemu juzijuzi tu. Ilipigwa kati ya Jumatatu na Ijumaa. Na kati ya Jumatatu na Ijumaa Konsolata alikuwa Masaka, amekaa chini na wafiwa.

Hapo ndipo nawataka msikilize vizuri, hasa ninyi mnaojiona wajanja. Mimi sikudanganywa kwa sababu nilikuwa mjinga wa kazi. Nilidanganywa kwa kitu ninachokijua. Mashine ilikuwa yake kweli. Viateri hakuniletea uongo mtupu, angefanya hivyo ningemcheka. Aliniletea nusu ya kweli, akaniacha nusu ya pili niijaze mwenyewe, na mimi kwa kiburi changu nikaijaza. Aliniuliza mashine ya nani, sikumuuliza imepigwa lini na aliyekuwepo ni nani.

"Papa, twende," nikasema. "Jumatatu anarudi kazini. Watamkabidhi kwa askari."

Mzee akavuta kiti akaketi. Akasema, "Mwana, mimi niko mugeni hapa. Karatasi yangu ya kukaa inaishia mwezi ujao. Wakisema Lukasi anatetea maadui, wananipakia gari."

Nilimkasirikia. Leo simkasirikii tena, lakini siku ile nilimwona mdogo. Alisimama, akatoa ufunguo wa sanduku shingoni mwake, ufunguo ambao hakuwahi kumwachia mtu, akauweka mezani mbele yangu. Kisha akatoka kwenda kunywa chai.

Jumatatu asubuhi nilipanda Kiyovu na sanduku la bati kichwani. Mlinzi akaniuliza nauza nini. Ndani nilimkuta Konsolata amekaa kwenye benchi, amevaa nguo za msiba, hajui aliitiwa nini, anashangaa mbona hakuna anayempa pole. Aliponiona akatabasamu. "Zaina! Umekuja kunipa pole mpaka kazini?"

Mkurugenzi alikuwa mzee wa miwani minene. Viateri alikuwa amesimama pembeni yake, na karatasi yenye sahihi yangu ilikuwa mezani, na ile barua kando yake. Nikaingia bila kuitwa.

"Hiyo karatasi ni yangu," nikasema, "na ina makosa."

Viateri akacheka. "Patron, sasa tutafundishwa na fundi wa Biryogo?"

"Ijumaa ulinifuata mwenyewe," nikamwambia. "Ijumaa nilikuwa mtaalamu. Jumamosi na Jumapili zimepita tu, nimeshakuwa wa Biryogo?"

Mkurugenzi akainua mkono. "Dada, wewe ulisema ni mashine yake. Sasa siyo?"

"Ni yake. Nilisema nusu. Nipe dakika kumi nimalize nusu ya pili, kisha mfanye mtakavyo."

Nilimwomba alete jalada la barua za ofisi yake mwenyewe, za mwezi ule ulioandikwa kwenye barua. Akalifungua. A zote zinaruka, kila ukurasa. Nikamwomba aketi kwenye mashine, aandike kwa mkono wake, nisije nikaambiwa nimefanya kiinimacho. Akaandika jina lake. A zimekaa mstarini. Nikaweka barua ya Viateri katikati, vyeti vyangu viwili pembeni. Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alitazama kwa muda mrefu.

"Imepigwa baada ya matengenezo," akasema polepole.

"Baada ya Jumatatu iliyopita. Huyu alikuwa anazika mama yake."

"Nani aliipokea mashine?"

Nikafungua daftari letu la kukabidhi mashine. Sahihi ilikuwa kubwa, ya madaha, ya Bwana Viateri. Yeye mwenyewe akasema kwamba yeyote angeweza kuingia chumba kile, kwamba mimi nimehongwa, kwamba panapofuka moshi pana moto. Alisema mengi. Baadaye tulikuja kujua alichokitaka: kile kiti cha Konsolata, ampe shemeji yake. Kiti tu! Cha mbao, chenye mto wa kushonwa. Mnashangaa? Uongo mkubwa wa siku zile mara nyingi uliuma kwa meno madogo hivyo.

Konsolata alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo naweza kurudi mezani kwangu?"

Mkurugenzi akatazama dirishani. Askari hakuwaita, na barua ile aliichana mbele yetu. Lakini alimwambia Konsolata aende nyumbani kwanza, mambo yapoe. Nikamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka getini, "Patron, anayefukuzwa ni mwongo au aliyesingiziwa?" Nikachukua kalamu yake, nikaandika chini ya sahihi yangu ya Ijumaa: nilikosea, sikuangalia tarehe wala cheti, Konsolata hakuandika barua hii. Nikaweka sahihi ya pili, nikabeba sanduku langu. Mambo hayakupoa, na kazini hakuitwa tena. Viateri akabaki na tai yake.

Kutoka pale nilivaa aibu yangu nikaanza kutembea. Waliokuwa kibandani siku ile niliwakumbuka watano, ukimtoa Mama Saidi. Niliwafuata kwao, mmoja mpaka Rebero juu, nikasema maneno yaleyale: nilisema uongo juu ya Konsolata, nilidanganywa nikadanganya. Mama Saidi nilimwacha mwisho kwa sababu nilimwogopa. Alikuwa na ulimi wa kuchoma mahindi.

"Umewaacha wateja wangu wasubiri ili uniambie ulikosea?" alisema. "Lisemwalo lipo, mwanangu. Lisemwalo lipo!"

"Hili lililosemwa nililisema mimi," nikamwambia, "na halipo. Hana kosa. Nimekuja kukuambia uso kwa uso ili usije ukasema hukuambiwa."

Akanigeuzia mgongo akaendelea kukaanga maandazi. Nilirudi nikiwa nimekata tamaa. Ila mwaka uliofuata, Konsolata alipohamia chumba cha kupanga Biryogo na binti yake, akawa anawapigia watu barua barazani kwa taipureta kuukuu aliyopewa na Papa Lukasi, nilimwona Mama Saidi akimpelekea chai. Aliiweka chini bila salamu. Ilikuwa na tangawizi.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nne Papa Lukasi aliugua akarudi kwao Bukavu, nami nikaenda kumuuguza. Aprili ilinikuta huko. Mpaka ukafungika. Yaliyotokea Kigali mnayajua, na wengi wenu mnayajua kwa majina ya watu wa nyumbani kwenu, kwa hiyo sitawafundisha. Papa Lukasi alifariki mwezi wa sita, na ufunguo wa sanduku niliuvaa mimi shingoni. Niliporudi mwezi wa saba karakana ilikuwa haina mlango. Nilikwenda Biryogo nikiwa nimeshamlia Konsolata njia nzima.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya Mama Saidi, amekonda, anamsuka binti yake. Hakucheka. Aliniita jina langu tu, nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Konsolata alikuwa amegonga mlango wa nyumba ile siku ya pili ya mauaji, na Mama Saidi alifungua. Aliwaficha wote wawili katika stoo ya unga. Watu walikuja wakimuulizia, na mmoja wao aliikumbuka barua, miaka miwili baadaye, barua iliyochanwa! "Yuko wapi yule mwanamke wa barua?" Mama Saidi aliwaambia barua ilikuwa ya uongo na mwanamke huyo hapa hayupo. Kweli moja na uongo mmoja, na Mungu akavipokea vyote viwili.

Jioni nilimuuliza Mama Saidi kwa nini alifungua. Nilitarajia atataja dini, au ujirani. Alinitazama kwa hasira, kana kwamba nimemfanyia ubaya.

"Kwa sababu yako, we mtoto," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango, natetemeka, natafuta sababu ya kutofungua. Nikasema moyoni, huyu si ndiye wa barua? Nikakuona ulivyosimama kibandani kwangu na viatu vyako vya tope. Ungenyamaza, Zaina, ningepata kisingizio."

Diane, kufuta si kurudisha. Una watu arobaini na mmoja. Vaa viatu.